Ugomvi wa Wazazi, Hulka ya Mtoto na Mwitiko wa Mwili

Katika kijiji cha Kabwe kilichoko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wilayani Nkasi, kama ilivyo katika mitaa ya Sumbawanga na katika vijiji vya uwanda wa juu wa Ufipa, husikika mara nyingi kauli kwamba mtoto mdogo haelewi maneno ya wakubwa, na kwamba ugomvi wa mume na mke humalizikia chumbani ulikoanzia. Mazungumzo haya yanakusudia kueleza kwa nini kauli hiyo haina ukweli, na kwa nini kuishikilia kunawagharimu watoto wa mkoa wa Rukwa afya, usingizi na masomo yao. Ugomvi wa wazazi huingia mwilini mwa mtoto hata kabla hajajua kusema, na huingia kwa njia mbalimbali kulingana na jinsi mtoto mwenyewe alivyoumbwa, kiasi kwamba watoto wawili waliozaliwa tumbo moja na kulala kitanda kimoja wanaweza kuyasikia matusi yale yale, mmoja akanyamaza na mwingine akawa mkorofi, wakati wote wawili wameumia.

Kabla ya kuendelea, yafaa maneno matatu yafafanuliwe. La kwanza ni ugomvi wa wazazi, ambao katika mazungumzo haya haumaanishi kila tofauti ya mawazo kati ya mume na mke, kwa kuwa hakuna nyumba isiyo na tofauti, bali unamaanisha mafarakano ya mara kwa mara yanayoambatana na kelele, matusi, vitisho, vipigo, au kununiana kwa siku nyingi pasipo suluhu. La pili ni hulka, yaani namna ya asili ambayo mtu huzaliwa nayo ya kuyapokea mambo ya ulimwengu, kama vile wepesi wa kushtuka, ukali wa kilio, woga au ujasiri mbele ya mgeni, na muda anaohitaji ili atulie baada ya kuchokozwa. La tatu ni mwitiko wa msongo, yaani mabadiliko yanayotokea mwilini pale mtu anapohisi hatari, mabadiliko ambayo huanza katika ubongo na kuishia katika moyo, mapafu, misuli, tumbo na damu.

Mwitiko huo hufuata njia mbili. Ya kwanza ni ya haraka, ambapo mishipa ya fahamu huziamuru tezi ndogo zilizoketi juu ya figo, zinazoitwa tezi za adrenali, kumwaga adrenalini, na ndani ya sekunde chache moyo hudunda kwa kasi, viganja hutoa jasho na misuli hukazana tayari kwa kupigana au kukimbia, kama alivyoeleza Walter Cannon, mtaalamu wa fiziolojia wa Marekani, mwanzoni mwa karne iliyopita. Ya pili ni ya polepole kidogo, ambapo sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huipa ishara tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo pituitari huzituma tena tezi za adrenali zitoe homoni nyingine iitwayo kortisoli, ambayo huongeza sukari katika damu ili mwili upate nguvu, na wakati huohuo hupunguza shughuli zinazoweza kungoja, zikiwemo ukuaji na baadhi ya kazi za kinga dhidi ya maradhi. Kwa mtu mwenye afya kortisoli huwa nyingi asubuhi anapoamka na hupungua kadiri usiku unavyokaribia, na baada ya tishio kupita hurudi katika kiwango chake cha kawaida. Kwa hiyo mwitiko wa msongo kwa asili yake ni neema, kwa kuwa bila huo mtoto asingeweza kumkimbia nyoka wala kujiandaa kwa mtihani.

Madhara huanza pale hatari inapokuwa ya kila siku na inapotoka kwa watu walewale ambao mtoto alipaswa kuwakimbilia. Mwili wa mtoto unafanana na kijiji kinachoitwa kwa mbiu ya mgambo: ikilia mara moja kwa jambo la kweli, watu wote hutoka, hufanya la kufanya, kisha hurudi kulala, lakini ikilia kila usiku, wako watakaoishi macho wazi wakisubiri mlio unaofuata, na wako watakaozoea hata wakaacha kutoka. Makundi hayo mawili ya watu ndiyo yanayoonekana katika utafiti wa watoto wanaolelewa ndani ya ugomvi, na tofauti kati yao kwa kiasi kikubwa hutokana na hulka.

Elimu ya hulka si ngeni. Mwaka 1956 madaktari wawili wa magonjwa ya akili mjini New York, Alexander Thomas na mkewe Stella Chess, walianza kuwafuatilia watoto tangu uchanga hadi utu uzima, wakabaini kwamba takriban asilimia 40 walikuwa wepesi kulea, wakila na kulala kwa mpangilio na kuyapokea mageuzi bila shida. Asilimia 10 walikuwa wagumu, wenye kilio kikali na ratiba isiyotabirika. Na asilimia 15 walikuwa wazito wa kuzoea, wanaojitenga kwanza na kukubali baadaye. Waliosalia walikuwa na mchanganyiko wa sifa. Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard naye alionyesha kwamba wapo watoto ambao wakiwa na umri wa miezi minne tu hurusha mikono na miguu na kulia wanapoonyeshwa kitu kigeni, na kwamba wengi wa watoto hao baadaye huwa waangalifu na wenye haya. Jambo muhimu zaidi walilolieleza Thomas na Chess ni kwamba hakuna hulka iliyo mbaya yenyewe, bali ubaya hutokea pale hulka ya mtoto na matarajio ya wanaomlea yanapokataa kuoana.

Afrika Mashariki yenyewe imetoa ushahidi wa jambo hilo. Wakati wa ukame mkali wa miaka ya 1970, daktari Marten deVries alipima hulka za watoto wachanga wa Kimaasai kusini mwa Kenya, akawatenga waliokuwa wepesi na waliokuwa wagumu, na aliporudi miezi kadhaa baadaye aligundua, kama alivyoandika mwaka 1984, kwamba wengi kati ya wale wapole aliofanikiwa kuwapata tena walikuwa wamefariki, wakati wengi wa wale walizi walikuwa hai. Watoto waliofuatiliwa walikuwa wachache, kwa hiyo matokeo hayo hayawezi kufanywa kanuni ya watu wote, lakini yanatoa fundisho zito, kwamba katika mazingira ya njaa mtoto anayelia sana huenda ndiye anayenyonyeshwa zaidi, na kwamba upole unaosifiwa na wazazi unaweza kumfanya mtoto asahauliwe pale nyumba inapobanwa na dhiki.

Utafiti unaounganisha moja kwa moja ugomvi wa wazazi, hulka na kortisoli ulichapishwa mwaka 2011 na Patrick Davies, Melissa Sturge-Apple na Dante Cicchetti, kutokana na kazi waliyoifanya mjini Rochester, Marekani. Waliwachunguza watoto 201 wenye umri wa miaka miwili, wote kutoka familia zenye kipato kidogo, wakawagawa kwa hulka katika makundi mawili ambayo wataalamu wa viumbe huyaita njiwa na mwewe. Njiwa ni watoto waangalifu, wenye haya, wanaojishikiza kwa mama na kunyenyekea mbele ya kitu kigeni, na mwewe ni watoto jasiri, wanaosogea mbele, wanaotaka kutawala na wepesi wa hasira. Kila mtoto alisikilizishwa mabishano madogo ya kuigiza ambayo wazazi wake waliyafanya kwa simu, na mate yake yakapimwa ili kujua kiasi cha kortisoli kilichokuwa mwilini.

Matokeo yalikuwa kinyume kwa makundi hayo mawili. Njiwa waliotoka katika nyumba zenye ukatili mwingi kati ya wazazi walitoa kortisoli nyingi mno, na mwewe waliotoka katika nyumba za namna hiyohiyo walitoa kidogo kuliko kawaida. Kila mwelekeo ulikuwa na faida na hasara zake, kwa kuwa njiwa wenye kortisoli nyingi walikuwa na umakini mzuri zaidi lakini walielekea kwenye wasiwasi na huzuni, na mwewe wenye kortisoli kidogo hawakusumbuliwa sana na wasiwasi lakini walielekea kwenye ukorofi, kutotulia na kutojali hatari. Watafiti hao walieleza kwamba mwili wa kila mtoto hujaribu kuilinda nafsi yake kwa silaha iliyo karibu nao, mmoja kwa kukesha na kujificha, mwingine kwa kuipunguza hofu ili aweze kupambana, na kwamba gharama ya ulinzi huo hulipwa baadaye.

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Wazazi wengi huupima uzito wa ugomvi wao kwa tabia ya nje ya mtoto, na kipimo hicho huwapotosha mara mbili. Mtoto mtulivu, anayeosha vyombo bila kuambiwa, anayemshika mdogo wake mkono na kumtoa nje sauti zinapopanda, husifiwa kwa utii na huchukuliwa kuwa hajaguswa, ilhali huenda ndiye ambaye moyo wake unadunda usiku kucha, ambaye tumbo lake huuma asubuhi za shule, na ambaye anajifunza kwamba usalama wa nyumba ni jukumu lake. Mtoto mkorofi, anayewapiga wenzake na kujibu walimu, huitwa mtundu asiye na adabu, huongezewa viboko, na hakuna anayeuliza mwili wake umezoea nini hata ukaacha kushtuka. Wa kwanza hukosa msaada kwa sababu anasifiwa, wa pili hukosa msaada kwa sababu anaadhibiwa.

Methali isemayo mtoto umleavyo ndivyo akuavyo imeshika ukweli mkubwa, lakini huenda ikamfanya mzazi aamini kwamba watoto wote ni udongo wa aina moja unaosubiri mkono wa mfinyanzi. Thomas Boyce, daktari wa watoto wa Marekani, na Jay Belsky, mtaalamu wa saikolojia, wameonyesha kwamba watoto wenye miili myepesi kuguswa huumia kuliko wenzao katika nyumba zenye misukosuko, na kwamba watoto haohao hunufaika kuliko wenzao wanapolelewa kwa utulivu na upendo. Maana yake ni kwamba mtoto mwepesi wa kulia si mtoto dhaifu, bali ni mtoto ambaye malezi, yawe mema au mabaya, huingia ndani yake kwa kina zaidi, na mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo anabeba dhamana kubwa na matumaini makubwa kwa pamoja.

Wapo wanaodhani kwamba inatosha kungoja mtoto alale ndipo maneno yatoke. Mwaka 2013 Alice Graham na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walichapisha utafiti wa watoto wa miezi 6 hadi 12 ambao walipigwa picha za ubongo wakiwa usingizini, huku wakisikilizishwa sauti za furaha, za kawaida na za hasira. Watoto waliotoka katika nyumba zenye ugomvi mwingi walionyesha mwitiko mkubwa zaidi kwa sauti ya hasira, katika sehemu za ubongo zinazohusika na msongo na kudhibiti hisia, ingawa macho yao yalikuwa yamefumbwa na usingizi wao haukukatika. Katika nyumba ya chumba kimoja au viwili, ambamo pazia tu ndilo linalotenga kitanda cha wazazi na mkeka wa watoto, usingizi wa mtoto haupaswi kuhesabiwa kuwa ukuta.

Kwa upande mwingine, utafiti haumtaki mzazi aishi bila kutofautiana na mwenzake. Mark Cummings na Patrick Davies, katika nadharia waliyoitoa mwaka 1994 kuhusu usalama wa kihisia, walieleza kwamba swali analojiuliza mtoto wazazi wanapozozana si nani mwenye haki, bali ni kama nyumba itabaki imesimama na kama ataendelea kutunzwa. Kwa sababu hiyo namna ugomvi unavyokwisha ina uzito sawa na namna unavyoanza. Majaribio ya Cummings yalionyesha kwamba watoto walioona wakubwa wakizozana kisha wakapatana mbele yao walisumbuka kidogo sana wakilinganishwa na walioachwa bila kuona mwisho, na kwamba hata maelezo mafupi yaliyotolewa baadaye, kuwa wakubwa wamekwisha kuelewana, yaliwapunguzia watoto dhiki. Kinyume chake, ule ukimya wa siku nyingi, ambapo baba hali chakula cha mama na ujumbe hupitishwa kwa mtoto, humwacha mtoto katika hatari isiyo na mwisho unaoonekana.

Katika Ufipa mafundisho haya hayakuja kwa watu wasiojua thamani ya suluhu. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeishi na Wafipa katika miaka ya 1960, aliandika kwamba jamii hiyo iliyathamini mno mazungumzo na maelewano kati ya watu na iliuchukia ukatili, na simulizi ya kale ya Milansi aliyoichambua katika kitabu chake cha mwaka 1981 inaeleza jinsi utawala ulivyochukuliwa na ukoo mgeni wa Watwa huku mtawala wa Milansi akibakiziwa eneo lake na heshima yake ya kiibada. Jina hilo zuri la amani ni urithi wa kujivunia, lakini halifai kutumiwa kama kifuniko cha yanayotendeka ndani ya nyumba, kwa kuwa amani ya nje kati ya ukoo na ukoo haithibitishi amani ya chumbani, na takwimu za taifa zinaonya: Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili.

Urithi mwingine wa Ufipa unahusu watoto moja kwa moja. Mwanahistoria wa Marekani Kathleen Smythe, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu familia za Kifipa za Nkansi, ameeleza jinsi malezi ya zamani yalivyogawanywa kati ya watu wengi, mtoto akishaachishwa ziwa akihamia kulala kwa bibi na babu, akipata huko hadithi, mafunzo na ulinzi, na baadaye akiishi na vijana wenzake, hadi misheni za Mapadri Weupe, waliofika Karema mwaka 1885, zilipoleta shule na mabweni na kubadilisha hatua kwa hatua mpangilio huo. Bila kuyatukuza ya kale kupita kiasi, inafaa kuona kwamba mpangilio huo ulimpa mtoto mlango wa pili, kwa kuwa wazazi walipofarakana hakulazimika kuyasikia yote, na alikuwa na mtu mzima mwingine ambaye mbele yake mwili wa mtoto ulijua kutulia.

Faida ya mlango huo wa pili inaungwa mkono na utafiti wa kijijini. Tangu mwaka 1988 mwanaanthropolojia Mark Flinn alikusanya maelfu ya sampuli za mate ya watoto katika kijiji kimoja cha kisiwa cha Dominica, katika Bahari ya Karibi, akizilinganisha na yaliyotokea siku ile katika maisha ya kila mtoto. Aligundua kwamba, zaidi ya michezo, mitihani au kazi ngumu, jambo lililopandisha kortisoli za watoto lilikuwa misukosuko ya ndani ya familia, yakiwemo magomvi ya wakubwa na mzazi kuondoka nyumbani, na kwamba watoto wenye malezi yasiyotulia waliugua mara nyingi zaidi, huku kuwepo kwa ndugu wa karibu wanaomjali mtoto kukiambatana na hali bora.

Mazingira ya Kabwe na ya uwanda wa juu yanaufanya ujuzi huu uwe wa haraka, kwa kuwa riziki ya pande zote mbili hubana na kuachia kwa misimu. Ziwani, uvuvi wa dagaa na migebuka hufanywa usiku kwa taa na hutegemea giza la mwezi, hivyo baba hulala mchana wakati nyumba yote iko macho, na siku za mbalamwezi mapato hupungua. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, hatua yenye faida kwa vizazi vijavyo, lakini iliyozitaka nyumba za wavuvi kuishi miezi mitatu bila chanzo chao kikuu cha fedha. Uwandani, mkulima wa mahindi hukopa mbolea kabla ya mvua, huvumilia miezi ya kati ya Januari na Machi ghala linapokaribia kuisha, kisha wakati wa mavuno hukutana na swali gumu la nani auze, auze kiasi gani, kwa bei ipi, na fedha itumike kwa lipi.

Uhusiano kati ya bei ya mahindi na moyo wa mtoto umechunguzwa kwa makini katika jimbo la Iowa, Marekani, ambako wakulima wa mahindi walikumbwa na madeni makubwa katika miaka ya 1980. Rand Conger na Glen Elder walizifuatilia familia zaidi ya 400 za jimbo hilo, wakaonyesha kwamba ukata haukumfikia mtoto moja kwa moja, bali ulipita kwanza katika nafsi za wazazi, ukawatia huzuni na hasira, hasira ikazaa ugomvi kati yao, na ugomvi ukaharibu namna walivyomlea mtoto. Mnyororo huo una pete nyingi, na kila pete ni mahali panapoweza kukatwa, kwa sababu mzazi asiye na uwezo wa kupandisha bei ya gunia bado ana uwezo wa kuchagua mahali, saa na sauti ya kulijadili gunia hilo.

Shuleni nako kuna pete ya kukatwa. Utafiti wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanywa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba takriban robo moja walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kihisia. Tobias Hecker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walipowahoji wanafunzi 409 wa shule ya msingi nchini Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 2014, waligundua kwamba karibu wote walikuwa wamewahi kuchapwa, nyumbani na shuleni, na kwamba viboko viliambatana na ukorofi zaidi na moyo mdogo wa kuwasaidia wenzao. Mtoto mwenye hulka ya mwewe, ambaye nyumbani mwili wake umekwisha kuzoea vitisho, hapati fundisho jipya katika fimbo ya mwalimu, na mtoto mwenye hulka ya njiwa, anayeketi darasani akimwona mwenzake akichapwa, hupokea tishio kana kwamba ni lake.

Yafuatayo basi ndiyo yanayowapasa wanaomzunguka mtoto. Wazazi wanaohisi hasira inapanda wana wajibu wa kuahirisha mjadala, kutoka nje au kwenda kwa mtu mzima wanayemheshimu, na pale mtoto aliposhuhudia mwanzo wa ugomvi ni haki yake kushuhudia au kuelezwa mwisho wake, kwa maneno mafupi yenye ukweli, kwamba baba na mama walikosana, wamezungumza, na kwamba yeye hakusababisha jambo hilo. Mtoto mpole apewe nafasi ya kusema yaliyomo moyoni, akiulizwa akiwa peke yake na si mbele ya wazazi wote wawili, na asifanywe mjumbe wala mwamuzi. Mtoto mkorofi awekewe mipaka isiyobadilika inayosimamiwa bila kupigwa, apewe kazi zinazohitaji ujasiri wake, na apate mtu mzima mmoja asiyemkatia tamaa. Bibi, babu, shangazi na wajomba wasione haya kumwita mtoto alale kwao siku za mtafaruku, kwa kuwa kufanya hivyo si kuingilia ndoa ya watu, bali ni kurudisha mlango ambao wazee wa Ufipa walikuwa nao.

Pale ugomvi unapofikia vipigo, suala halibaki tena kuwa la hekima ya nyumbani pekee. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mila inayompa mtu haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawapa wazazi wajibu wa kumlinda mtoto dhidi ya ukatili na dhidi ya kuwekwa katika mazingira ya hatari. Mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, maofisa ustawi wa jamii, madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi, na simu ya msaada kwa mtoto ya namba 116 isiyotozwa malipo, vyote vimewekwa kwa ajili hiyo, na jirani anayesikia kilio ana haki ya kuvitumia. Serikali nayo, kupitia Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021, imeyataja malezi yenye mwitikio pamoja na ulinzi na usalama kuwa kati ya nguzo za makuzi ya mtoto, na nguzo hizo zitasimama imara endapo elimu inayotolewa kliniki kuhusu chanjo na lishe itaambatana na elimu kuhusu amani ya wazazi, ikiwafikia akina baba sawa na akina mama, kwenye mialo na kwenye maghala ya mazao.

Hulka si hukumu, na kortisoli ya utotoni si maandishi yasiyofutika. Mfumo wa msongo hubadilika kadiri mazingira yanavyobadilika, na wazazi waliogombana kwa miaka mingi bado wanaweza kujifunza kupatana wakati watoto wao wangali wanakua. Kinachotakiwa kwanza ni kuacha kuuchukulia utulivu wa mtoto kama uthibitisho kwamba yu salama na ukorofi wake kama uthibitisho kwamba ni mwovu, kisha kuwatazama wote wawili kama watu walioguswa na jambo lile lile. Mzazi wa Kabwe, wa Namanyere, wa Sumbawanga au wa kijiji chochote cha Ufipa atakayekubali hilo hatahitaji chombo cha kupimia mate ili ajue mwanawe ana hali gani. Atahitaji kuketi naye, kumuuliza, kumsikiliza mpaka mwisho, na kisha kwenda kuyamaliza na mwenzake yale ambayo mtoto amekuwa akiyabeba kwa niaba yao.